Picha ni Halali, Lakini Saa Ni ya Nani?

Katika majuma ya karibuni darasa yetu ya Kibarani imekuwa ikijadili suala moja ambalo kwa nje laonekana dogo, la kitoto, lakini kila tulipolivuta tuliona mizizi yake yafika kwetu sisi watu wazima. Wazazi wametuuliza hivi: "Mwanangu haibi, havuti bangi, wala hakosi sala ya jamaa. Lakini jioni akiisha kufungua daftari lake huchukua simu, asema ni kidogo tu. Hutazama picha za watu mtandaoni, kisha hujipiga picha zake mwenyewe, kisha hutazama filamu ya kile kitabu alichoambiwa na mwalimu akisome. Usiku huisha na daftari li jeupe vile vile. Je, mtoto huyu amekosa nini?"

Lau mtoto angekuwa anatazama uchafu, jawabu lingekuwa jepesi, na kila mmoja wetu angelijua. Lakini hapa twazungumza juu ya mtoto ambaye kila alichokifanya, ukikitazama peke yake, ni halali. Picha ya mashua ikiingia bandarini ni halali. Kumtumia shangazi aliyeko Muskat picha ya nduguze ni halali, bali ni katika kuunga udugu. Filamu ya kitabu cha shule ni halali. Basi ikiwa kila tofali ni zuri, vipi nyumba imekuwa mbovu? Na kosa limeingilia mlango gani?

Wako wanaotaka kulikata suala hili kwa neno moja: picha ni haramu, basi. Twaona njia hiyo ni fupi lakini haifiki. Suala la picha ya kamera lilizungumzwa na wanazuoni zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera si kuumba sura mpya, bali ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wako waliomkhalifu, na hata leo wako wanaomkhalifu. Lakini hata tukiwafuata hao, suala letu halijajibiwa, kwa sababu mtoto angeweza kuupoteza usiku ule ule kwa kupanga vitabu vyake upya, kwa kuchonga kalamu, au kwa kusikiliza mpira redioni.

Wala kamera haina kosa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi baina ya mwaka 965 na 1040 hivi, alichunguza jinsi mwanga upitavyo katika tundu ndogo na kuingia katika chumba cha giza, na akaandika kitabu cha elimu ya kuona chenye juzuu saba. Neno lenyewe "kamera" kwa asili yake ya Kilatini maana yake ni chumba. Kijana aliyeshika simu ameshika chumba kidogo cha giza, na miongoni mwa watu wa mwanzo kukieleza sawasawa alikuwa mwanachuoni Mwislamu. La kutia uchungu ni kwamba yule alikitumia kuitafuta elimu, na huyu aliyekirithi akitumia kuikimbia.

Kosa basi na tulitafute kwingine. Wanazuoni wetu wana neno lake: taswifu. Neno hili limetokana na "sawfa" ya Kiarabu, ambayo hutangulizwa mbele ya kitendo ili kukipeleka wakati ujao, kama ile "ta" yetu katika "nitasoma". Mwenye taswifu ni mtu aishiye ndani ya "nita". Nitasoma baada ya isha. Nitaandika insha kesho alfajiri. Nitaanza hesabu mwezi ukiandama. Ukimwita mtu huyu mvivu umemkosea. Mvivu hulala, na mwenye taswifu hushughulika. Hupiga picha 40 za jua moja likizama upande wa mkono wa bahari wa Kilifi, akazichambua moja moja, akafuta, akarekebisha mwanga, akaandika maneno chini yake. Juhudi ile, lau angeitia katika insha, insha ingekwisha. Kwa hiyo hakukosa nguvu wala akili, bali alizitumia zote mbili ili asiione kazi iliyomngoja.

Wanafalsafa wa Kiyunani walilihangaikia jambo hili zamani sana. Socrates alikuwa na rai kwamba hapana mtu afanyaye baya hali analijua kuwa ni baya. Akilifanya, basi hakulijua kwa hakika. Aristotle hakuridhika na maneno hayo, kwani aliona watu kila siku wakijua lililo bora na kutenda lililo duni. Akasema kuwa ujuzi wa mtu kama huyo upo lakini umelala, mithili ya mlevi anayetongoa beti za mshairi bila ya maana yake kumwingia. Twaona maneno ya Aristotle yanakaribia hali ya mtoto wetu. Ukimuuliza mchana kama elimu ni bora kuliko picha, atakujibu vizuri kuliko mwalimu. Saa tatu ya usiku ujuzi ule ule uko kinywani mwake, lakini mkono wake uko kwenye simu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano ambao sisi watu wa nyumba za mawe twaufahamu upesi. Alisema mwenye kuahirisha ni kama mtu anayetakiwa kuung'oa mti, akauona una nguvu, akasema: nitauacha mwaka mmoja kisha nitarudi kuung'oa. Naye ajua kuwa mti kila ukikaa huzidi kushika mizizi, na yeye kila akikaa huzidi kudhoofika. Nani katika sisi hajapata kuona mche uliojiotea katika ufa wa ukuta? Leo waung'oa kwa vidole viwili. Ukiuacha miaka kumi utabomoa ukuta ili uutoe. Hesabu ya kidato cha kwanza isiyosomwa ni mche. Katika kidato cha nne imekuwa mti. Tena ubaya wake ni kwamba anayeahirisha hujidhania kuwa kesho atakuwa mtu mwingine, mwenye ari zaidi na usingizi kidogo. Kumbe kesho ataamka yeye yule, pamoja na kazi ya jana na ya leo.

Sasa twaweza kulijibu lile suala la mlango. Halali ya kitu haitazamwi kwa kitu peke yake, hutazamwa na kwa saa yake pia. Biashara ni halali, na wakati wa sala ya Ijumaa twaamrishwa tuiache. Chakula ni halali, na mchana wa Ramadhani ni haramu kwa aliyefunga. Kitu hakikubadilika, saa ilikuwa na mwenyewe. Hatusemi kuwa saa ya kusoma hesabu ina hukumu sawa na saa ya Ijumaa, lakini twasema kanuni ni moja: kabla ya kuuliza "je, kitu hiki chafaa?" tuulize "je, saa hii ni ya nani?"

Na saa ya mwanafunzi ina wenyewe wengi. Mwenyewe wa kwanza ni Muumba, aliyeapa kwa wakati katika mojawapo ya sura fupi mno za Kitabu Chake, sura ambayo kila mtoto wa chuoni aijua kwa moyo. Mwenyewe wa pili ni mzazi. Mvuvi arudiye na samaki wachache, akauza wote ili alipe karo, amekula ugali kwa mchicha siku hiyo. Mama akaangaye viazi vya karai na bajia kando ya njia amesimama mbele ya moto tangu alasiri. Wameuza saa zao ili wamnunulie mtoto saa zake. Saa ile ni amana, na mwenye kuitumia kwa jambo jingine, hata zuri, ni kama mtu aliyepewa fedha za kununua dawa ya mgonjwa akanunua manukato. Manukato ni sunna, lakini mgonjwa yuaungua kwa homa. Mwenyewe wa tatu ni yule kijana mwenyewe atakapokuwa na miaka 30, ambaye leo hayuko wa kujitetea. Kila "baadaye" ni deni ambalo kijana wa leo hulikopa, na mtu mzima wa kesho hulilipa.

Kijana atatujibu: "Mimi sikukimbia masomo. Ile filamu ni ya kitabu chenyewe." Hoja hii yataka jawabu la insafu, kwa maana ina ukweli ndani yake. Mchezo wa kuigiza uliandikwa ili utazamwe, na hapa Kenya vikundi vya waigizaji huzunguka mashuleni kuigiza vitabu vya mtihani, na wanafunzi hufaidika. Na tuchukue mfano mmoja. Mchezo wa "A Doll's House" wa Henrik Ibsen wa Norwei, uliotoka mwaka 1879, ulikuwa miongoni mwa vitabu vya lazima katika mtihani wa KCSE miaka michache iliyopita. Mwaka 1973 peke yake zilitoka filamu mbili za mchezo huo. Kijana atasema: kwa nini nisome wakati naweza kuona?

Jawabu limo katika khabari za mchezo wenyewe. Katika maandishi ya Ibsen, bibi aitwaye Nora mwishowe humwacha mumewe na wanawe, akatoka na kufunga mlango. Mwaka 1880 mchezo ulipotaka kuonyeshwa Ujerumani, mwigizaji mkuu wa kike alikataa kuucheza mwisho huo, akisema yeye kamwe hawezi kuwaacha wanawe. Ibsen, akikhofia kuwa wengine wangeuharibu zaidi, akaandika kwa mkono wake mwisho mwingine, ambamo Nora hupelekwa mlangoni pa chumba cha watoto, akaanguka chini, asiondoke. Yeye mwenyewe aliuchukia mwisho ule. Basi mtu aliyeutazama mchezo kwa mwisho ule alirudi nyumbani akidhani amemjua Nora, na Nora aliyemjua hakuwa yule wa kitabu. Nasi tukipenda kumlaumu Nora au kumwonea huruma, au kuuliza sheria yetu yasemaje juu ya mume na mke wa namna ile, kwanza yatupasa tujue alifanya nini hasa.

Kila filamu ya kitabu imechaguliwa na mtu mwingine: lipi libaki, lipi likatwe, uso upi uonekane. Aliyekisoma kitabu huiona mikato hiyo akabishana nayo, na katika ubishi huo hupata elimu mara mbili. Asiyekisoma hana la kubishana nalo. Filamu baada ya kitabu ni shahidi wa pili. Filamu badala ya kitabu ni shahidi wa pekee asiyeulizwa swali. Filamu ni ile ile, na kilichotofautisha ni utaratibu tu. Na kwa kawaida kijana hulijua jambo hili, kwani aitazamapo filamu badala ya kitabu husikia uzito kidogo moyoni. Uzito ule ni ushahidi wa moyo wake, na yafaa ausikilize kabla haujazoea kunyamaza.

Hapa insafu yatulazimisha kusema jambo jingine. Kosa si la kijana peke yake. Zamani mkanda wa picha ulikuwa na picha 36, na kuusafisha kulitaka fedha. Mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeishi tangu 1932 hata 1993 na kuwa na studio yake mjini humo, aliifanya kamera kuwa kazi na ustadi, akiunganisha picha na picha kwa mikono yake. Kwake picha ilikuwa kazi yenyewe. Leo picha hazina idadi, tena zimewekwa makusudi zisiwe na mwisho. Mwaka 2006 mtu wa Marekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa ambao kila ukiuvuta juu huleta mwingine chini yake bila kukoma, na baadaye yeye mwenyewe alionyesha majuto juu ya jambo hilo. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Juzuu ya Qur'ani ina mwisho, na msomaji hupumua. Ukurasa usio na mwisho haumpi mtu mahali pa kujiuliza, "Je, sasa yatosha?" Aliyechimba shimo njiani ana dhambi yake. Aliyeliona shimo akaingia ana yake. Lakini mtoto wa miaka 15 aliyeachwa peke yake gizani pamoja na shimo hilo, mzigo wake ni mwepesi kuliko wetu tuliomwacha.

Na sisi tumemwacha, tena kwa namna mbili. Kwanza, mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya Korona, watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Katika muda huo simu iliingia nyumbani kwa jina la shule. Masomo yaliporudi shuleni, simu haikutoka, na hatukukaa na watoto wetu kuwaambia kuwa kazi yake imebadilika. Pili, mtoto hututazama. Ni nani aliyeahidi kutengeneza paa la chuo kabla ya masika, na masika ngapi yamepita? Ni nani asemaye kila mwaka kuwa atajifunza kusoma Qur'ani kwa tajwidi? Jioni barazani wazee tumekaa watano, na simu tano zimewaka, na kila mmoja atazama khabari za nchi ambayo hatafika. Kisha twamgeukia mtoto kwa ukali: "Weka simu, usome!"

Kubwa kuliko yote ni jinsi tulivyolifanya neno "inshallah". Tumefunzwa tulitaje tunaponuia jambo la kesho ili tukiri kuwa nguvu si zetu, na hali nia tunayo na viatu tumekwisha kuvivaa. Leo mtu akiambiwa "inshallah" huelewa kuwa jambo halitafanyika. Neno la kumtegemea Mungu tumeligeuza kuwa neno la heshima la kukataa kazi. Mtoto asemaye "nitasoma inshallah" huku akiinua simu hakulibuni, alilisikia kwetu.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya adabu tu. Hapa Kilifi tunacho Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013. Tunacho kituo cha utafiti wa maradhi cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989, ambacho tafiti zake za malaria husomwa duniani kote. Wenye umri mkubwa wakumbuka jinsi tulivyongoja kivuko hapa kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991: aliyechelewa alikiona chombo kikiondoka, akakaa juani. Milango ya elimu leo iko karibu nasi kuliko ilivyopata kuwa kwa baba zetu, lakini nayo yaondoka kwa saa yake. Kuingia chuo kikuu kwataka wastani wa C+ katika KCSE, na alama hiyo haikusanywi katika mwezi wa Oktoba wa mwaka wa mwisho. Hukusanywa katika jioni hizi za kawaida ambazo hakuna azionaye kuwa ni kitu. Watoto wetu wakizikosa, watakuwa mabawabu na wafagiaji katika majumba hayo yaliyojengwa mlangoni petu. Kazi ya bawabu ni ya halali na yenye heshima. Lakini ni msiba mji mzima kuwa nje ya lango la elimu iliyokuja kwao wenyewe.

Tufanyeje basi? Hatuoni faida ya kuvunja simu wala kuzificha. Kilichoondolewa kwa nguvu hurudi kwa siri, na taswifu haimo ndani ya simu. Rai ya darasa yetu ni mambo manne. La kwanza, siku yetu imekwisha gawanywa kwa sala tano. Basi kazi ya shule ifungwe na sala, isifungwe na neno "baadaye". Badala ya kusema "nitasoma usiku", mtoto aseme "kurasa nne baina ya magharibi na isha". Lenye mpaka hutendeka. La pili, katika muda huo simu zote za nyumba ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza. La tatu, kitabu kitangulie na filamu ifuate, kisha mtoto aulizwe mezani: filamu imeacha nini? Swali hilo moja litaifanya filamu kuwa mwalimu. La nne, kijana mwenye mapenzi ya kweli na kamera apewe kazi ya kamera. Mashindano ya kitaifa ya maigizo ya mashule siku hizi yana sehemu ya filamu. Magofu ya Mnarani yako ng'ambo ya maji, na nyuso za wazee wetu bado zipo. Lakini naye aambiwe lini aanze na lini amalize, kwani hata lipendwalo likikosa saa yake huharibika.

Na yule mzazi aliyeuliza mwanawe amekosa nini, twamjibu hivi: mwanao hakufanya haramu, lakini ameitumia amana ya watu watatu bila ruhusa yao, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Msamehe, kisha keti naye. Usimwambie kuwa mtaanza kesho. Magharibi ya leo bado haijaadhiniwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie nyakati zetu na za watoto wetu, na atujaalie tutendao yale tuyasemayo. Amin.